Vigamba kwenye filta ya oili: uchambuzi wa injini iliyoongezwa turbo

Gari lenyewe ni la silinda nne, lita 2.0, lililotoka kiwandani bila turbo. Mwenyewe alilifungia turbo, nozeli kubwa za petroli na kipoza oili cha nje, na ndani ya injini akaweka pistoni na konrodi za kufuliwa (konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini). Kompyuta ya injini ikatuniwa upya. Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Oili ya kwanza ilimwagwa baada ya safari fupi, ya pili kwenye kilomita 800 hivi, na zote zilitoka na ule ute wa kijivu kwenye sumaku ambao injini mpya yoyote huutoa ringi zinapojikalisha kwenye kuta za silinda. Oili ya tatu, kwenye kilomita kama 3,500, ilimeremeta kama rangi ya kucha.

Akanipigia simu. "Fundi, oili inang'aa, lakini injini haina kelele hata kidogo. Nitie oili ya kusafishia, niizungushe dakika kumi, halafu nimwage?"

"Usiiwashe kabisa, kaka," nikamwambia. "Na hilo beseni usilimwage. Filta pia usiitupe."

Ushauri wa kusafisha kwanza huwa ndio wa kwanza kutolewa, na kwa maoni yangu ndio unaoua injini nyingi zilizokuwa bado zinaokoleka. Oili ya kusafishia ni nyepesi. Beringi, lile ganda jembamba la metali linaloikumbatia shafti, ikishaanza kuliwa inaishi kwa utando mwembamba wa oili ulio kati yake na shingo ya kranki. Ukiupunguzia uzito utando huo, umeikata pumzi ya mwisho. Tena unazizungusha chembe ambazo zilikuwa zimetulia chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na unaupoteza ushahidi ambao ungekuonyesha zimetoka wapi.

Kuhusu ukimya wa injini, hiyo kweli ilikuwa habari njema, ila kwa sababu tofauti na aliyoifikiria. Injini haianzi kunoki, yaani kutoa mlio wa kugonga, siku beringi inapoanza kulika. Inanoki pale nafasi kati ya beringi na kranki inapokuwa kubwa kiasi kwamba konrodi inapiga chuma kwa chuma, na hapo kranki nayo imeshaumia. Chembe bila mlio maana yake tumewahi.

Kazi ilianzia kwenye filta. Tuliikata kwa kikata filta chenye gurudumu, kile kinachofanana na cha kukatia mabomba. Msumeno haufai hapa, kwa sababu unatia chenga zake mwenyewe ndani ya kitu unachotaka kukichunguza, na baadaye hujui ipi ni ya injini na ipi ni ya msumeno. Karatasi ya ndani ikakatwa kwa kisu, ikabanwa kwenye jiliwa mpaka oili ikatoka, ikasuuzwa kwa petroli kwenye chombo cheupe. Kilichobaki chini ya chombo ndicho kilichokuwa kimezuiwa njiani. Filta ya kawaida ya gari huzuia vizuri chembe za kuanzia maikroni 20 au 30 kwenda juu; zilizo ndogo kuliko hizo hupita zikizunguka na oili.

Kisha sumaku, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili ukiivua mfuko chembe zidondoke zenyewe. Zilizoshika zilikuwa chache, laini, za kijivu. Zilizobaki, na ndizo nyingi, hazikujali sumaku. Kwa lenzi ya kukuza zikajigawa makundi mawili ambayo huwezi kuyachanganya ukishayaona mara moja.

Kundi la kwanza, kubwa zaidi, lilikuwa vigamba bapa, vyembamba, visivyo na umbo maalumu. Upande mmoja vilikuwa vya fedha iliyofifia, na upande wa pili vingi vilikuwa na wekundu wa shaba. Kundi la pili lilikuwa vipande vichache vyeupe vya aluminiamu, vimejipinda, na kwenye mgongo wake mmoja mmoja ulionekana mistari midogo iliyosimama sambamba. Mistari hiyo ni alama ya ncha ya chombo cha kukatia. Hakuna sehemu ya injini inayolika ikatoa chenga zilizojipinda namna hiyo. Hizo zilitengenezwa na drili.

Nikamuuliza mwenye gari bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lilifungwaje. Sampu ya aluminiamu, akasema, ilitobolewa na kupigwa tapu (chombo cha kukata nyuzi za skrubu) ikiwa bado imefungwa kwenye injini, ili kuokoa muda. Drili ilipakwa grisi ichukue chenga. Grisi hukamata nyingi, haizikamati zote, na tapu inapomalizia nyuzi za mwisho chenga zake huangukia ndani.

Hapo kila aliyekuwepo akaona jibu limepatikana: chenga za drili zimeingia kwenye beringi, zimezikwaruza, basi. Ni jibu linalovutia kwa sababu lina mkosaji na lina ushahidi mkononi. Mimi sikulikubali kabla ya kuziona beringi zenyewe, kwa sababu njia ya oili ndani ya injini inajulikana. Oili inanyonywa kutoka kwenye sampu kupitia wavu, inapita pampu, inapita filta, ndipo inaingia kwenye mkondo mkuu na kufika kwanza kwenye beringi kuu zinazoshikilia kranki. Kutoka hapo ndipo inapita matundu ya ndani ya kranki kwenda kwenye beringi za konrodi. Chenga za drili zikitaka kufika kwenye konrodi lazima zivuke filta, jambo linalowezekana kama valvu ya dharura ya filta imefunguka, kwa mfano oili ikiwa baridi na nzito na dereva akakanyaga mafuta. Zikivuka, beringi kuu ndizo zinazopata kipigo cha kwanza. Utaona mikwaruzo inayozunguka kufuata mwendo wa kranki, na chembe zilizozama kwenye beringi zikiwa na kijiduara kilichong'arishwa pembeni mwake.

Wakati injini inashushwa, oili ya kwenye beseni ilipelekwa maabara. Majibu yalisema mambo mawili yenye maana. Uzito wa oili, yaani mnato wake, kwenye nyuzi 100 za selsiasi ulikuwa chini ya sentistoki 8. Oili hiyo iliandikwa 5W-30, na oili ya daraja la 30 ikiwa mpya haitakiwi kuwa chini ya 9.3. Petroli ndani yake ilikaribia asilimia 5. Metali zilizopanda zilikuwa risasi, shaba na bati kwa pamoja. Shaba peke yake isingenishtua, kwa sababu kipoza oili kipya huweza kuachia shaba kwenye oili bila chochote kuharibika. Risasi na bati zinapopanda pamoja nayo, basi ni tabaka la juu la beringi linalokwenda. Silikoni nayo ilikuwa juu, lakini kwenye injini iliyofungwa karibuni kwa gundi ya gasketi hilo ni la kawaida, na beseni lenyewe halikuwa safi sana.

Kuna jambo kuhusu majibu ya maabara ambalo wengi hulikosa. Mashine inayosoma metali kwenye oili huchoma tone la oili na kusoma mwanga wake, na chembe zinazozidi maikroni 5 hadi 8 hivi haizisomi ipasavyo. Vigamba vile tulivyovishika kwa macho havikuwemo kabisa kwenye karatasi ya majibu. Kwa hiyo mtu anaweza kupata ripoti safi huku filta yake imejaa beringi. Ukiwa na uwezo wa kufanya kipimo kimoja tu, kata filta.

Injini ikafunguliwa. Beringi kuu zilikuwa na mikwaruzo michache myepesi, na kwenye moja tukaikuta chenga moja ya aluminiamu imezama. Hilo lilithibitisha kwamba valvu ya filta iliwahi kufunguka na kupitisha uchafu. Lakini beringi hizo zingeweza kuendelea kufanya kazi. Kwenye wavu wa kunyonyea kulikuwa na nyuzi za gundi ya silikoni na chenga kadhaa, hazikuwa nyingi kiasi cha kuziba. Pampu ilikuwa na mistari juu ya gia zake.

Beringi za konrodi ndizo zilizoeleza kisa chote. Kila beringi ni vipande viwili: cha juu kinakaa kwenye konrodi, cha chini kwenye kifuniko chake. Vipande vya chini vya silinda zote nne vilikuwa karibu vizima, rangi yake ya kijivu bado ipo. Vipande vya juu vya zote nne vilikuwa vimeliwa katikati, pale pale mgandamizo unapopita, na shaba ilikuwa imejitokeza wazi. Kwenye silinda ya tatu pembeni mwa shaba hiyo palikuwa na nyufa ndogondogo na vijishimo vilivyoachwa na vigamba vilivyobanduka. Tabaka la juu la beringi za aina hii, lile laini la risasi na bati, lina unene wa kama maikroni 20 tu. Likiisha, unaiona shaba. Ndiyo maana vigamba vyetu vilikuwa na sura mbili.

Mgawanyo huo wa juu na chini una maana kubwa. Petroli inapowaka, pistoni inasukumwa chini na mzigo wote unaegemea kipande cha juu. Kipande cha chini kinabeba mzigo wa kuivuta pistoni irudi inapofika juu kabisa, na mzigo huo ni wa mizunguko mikubwa. Injini iliyozidishiwa mizunguko huumia chini. Injini iliyokosa oili, kwa kona kali au wavu ulioziba, huumia juu na chini, na beringi hubadilika rangi kwa joto, nyeusi au zambarau, mara nyingi moja ikiwa imekufa kabisa na nyingine zikiwa na nafuu. Hapa hapakuwa na alama ya joto hata moja. Silinda zote nne ziliumia mahali pamoja kwa namna moja. Huo ni mzigo wa mwako uliozidi uwezo wa utando wa oili.

Tukafungua kumbukumbu za kompyuta. Presha ya turbo ilikuwa inafika kileleni kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika hata katika gia ya tano, na sensa inayosikiliza kugonga kwa mwako ilikuwa imerudisha nyuma mwasho mara nyingi eneo hilo hilo. Mwenyewe aliipenda sana tabia hiyo: anakanyaga katika gia ya juu bila kushusha, na gari linaondoka. Tatizo ni kwamba utando wa oili kwenye beringi hujengwa na mzunguko wa shingo ya kranki. Mizunguko ikiwa midogo, utando ni mwembamba. Na hapo hapo mzigo wa silinda ulikuwa umewekwa kileleni, na juu yake mwako unagonga. Mtu anayefikiri injini inaumia kwa kuvutwa mizunguko mikubwa pekee anaweza kuimaliza taratibu akiwa kwenye mwendo wa kistaarabu.

Kisha petroli. Nozeli kubwa ni ngumu kuzidhibiti zikiwa zinafunguka kwa muda mfupi sana, kama injini inapounguruma bila kukanyagwa au inapoamka baridi, na tuni hii haikuwa na vipimo sahihi vya nozeli kwenye eneo hilo. Injini ilikuwa inakunywa kuliko mahitaji yake. Hata kwenye mzigo kamili lambda, kipimo cha uwiano wa hewa na petroli, ilikuwa kwenye 0.70, yaani petroli nyingi kupita kiasi, ikiosha oili kwenye kuta za silinda. Pistoni zake za kufuliwa zilikuwa za aloi ya aluminiamu iitwayo 2618, ambayo inatanuka sana kwa joto na kwa hiyo hufungwa na nafasi kubwa. Zikiwa baridi, zinaachia petroli nyingi kushuka. Na gari hili liliishi kwa safari fupi, oili haikupata muda wa kuchemka na kuitoa petroli.

Nilimuuliza kuhusu kiwango cha oili. Akasema kwa furaha kwamba injini yake haijawahi kupunguza oili, alama kwenye stiki ilikuwa pale pale tangu amwage, kama haijapanda kidogo. Injini yenye turbo na pistoni za nafasi kubwa hula oili kidogo kidogo. Kiwango kisichoshuka kabisa, au kinachopanda, kinataka uivute stiki na kuinusa. Aliponusa oili iliyobaki kwenye beseni, hakuhitaji maelezo zaidi.

Geji ya presha ya oili nayo ilikuwa imesema mapema. Kanuni inayofuatwa na wengi ni karibu baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa moto. Hii ilianza na baa 3 kwenye mizunguko 3,000, na kabla hajamwaga oili ilikuwa imeshuka hadi 2. Taa nyekundu haikuwaka, na isingewaka: swichi nyingi za taa hizo huiwasha taa pale tu presha inapokuwa imeanguka hadi chini ya nusu baa. Taa ni ya kukwambia zima sasa. Haijatengenezwa kukuonyesha mteremko.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: chenga za drili zilikuwa kosa la kweli na zilikuwa njiani kuleta balaa lake, lakini hazikuua beringi hizi. Kilichoziua ni presha kubwa ya turbo kwenye mizunguko midogo, juu ya oili nyepesi iliyozidi kulainishwa na petroli. Tungezitoa chenga, tukaweka beringi mpya na kuiachia tuni ile ile, vigamba vingerudi vilevile.

Kranki iliokoka. Shingo zake zilipimwa kwa maikromita sehemu kadhaa kila moja, zikawa bado duara na ndani ya kipimo, hivyo zilisuguliwa tu kung'arishwa bila kuchongwa. Vizibo vya matundu yake ya oili vilitolewa na kila tundu likapitishwa brashi, kazi ambayo watu huiruka kwa sababu haionekani. Bloku vilevile. Pampu ikabadilishwa. Turbo ikafunguliwa, kwa kuwa inalishwa oili hiyo hiyo na shafti yake inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kitu chochote kwenye gari; beringi zake zilikuwa na mistari, zikabadilishwa.

Kipoza oili tulibishana kidogo. Kilikuwa kipya, na mwenyewe alitaka kioshwe. Nilikataa. Ndani yake kuna vijia vyembamba vyenye mapezi ya kuchanganya oili, na vigamba bapa hujilaza humo vikakataa kutoka kwa petroli wala kwa hewa. Vinatoka baadaye, injini ikiwa imeshafungwa, kwa mtikisiko na joto. Siku vinapotoka ikawa ndiyo siku valvu ya filta imefunguka, vinakwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kipoza kikabadilishwa pamoja na mabomba yake. Sampu ilitolewa, tundu likamaliziwa vizuri mezani, ikaoshwa.

Beringi mpya zilifungwa kwa nafasi iliyopimwa na kuandikwa. Shingo za konrodi za injini hii ni milimita 48, na kwa desturi ya elfu moja ya kipenyo hiyo ni karibu milimita 0.048; tulikwenda juu kidogo, 0.055, kwa sababu ya mzigo, na tukapanda hadi oili ya 5W-40. Oili hiyo lazima ihimili angalau 3.5 kwenye kipimo cha uzito wa joto kali na mkwaruzo mkubwa, wakati ya daraja la 30 inaruhusiwa kuanzia 2.9. Hapo ndipo penye tofauti kwa beringi, kuliko ile namba inayoandikwa kabla ya W.

Tuni ilifanywa upya na mtu mwingine. Presha ya turbo sasa inapanda polepole kwenye gia za juu na haifiki kileleni kabla ya mizunguko 3,500. Lambda kwenye mzigo ni karibu 0.79. Vipimo vya nozeli viliingizwa sawasawa, na mngurumo wa asubuhi ukaacha kunuka petroli. Mwenyewe alilalamika kwamba gari limepoa kidogo chini. Ni kweli limepoa, na sikumwahidi vinginevyo.

Filta ya kwanza baada ya kufungwa ilikatwa mapema sana, ikawa na ute wa kijivu na chenga mbili za aluminiamu, kingo zake zimechakaa, ambazo bila shaka zilikuwa zimejificha kwenye mikondo ya silinda hedi tusikoweza kufikisha brashi. Ya pili ilikuwa na ute mchache na hakuna chenga. Maabara ikapima petroli chini ya asilimia 2, uzito ukiwa bado ndani ya daraja lake, risasi na bati zikiwa zimeshuka. Geji inasoma baa 3.5 kwenye mizunguko 3,000, injini ikiwa moto. Kiwango kwenye stiki sasa kinashuka kidogo kati ya mwago mmoja na mwingine, naye anaongezea. Tumekubaliana amwage kila kilomita 4,000, akate kila filta, na kipande cha karatasi yake kihifadhiwe kwenye mfuko ulioandikwa kilomita, ili filta ya leo iwekwe kando ya ile iliyotangulia na zilinganishwe kwa macho.